Mifuniko Myekundu

Jumapili, 4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto hawajambo, kaka yako hajambo, na mimi nipo, ila natembea nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Ijumaa asubuhi wewe umeondoka na gari la hospitali yenu, jioni yake mimi nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Tumepishana kwa saa sita. Wiki mbili umewafulia wanangu, umewapikia, umewachana nywele, halafu hata mkono sikukupa. Ahsante, wifi. Kukupigia nilijaribu, nikakumbuka kwamba huko kwenu simu inashika mpaka upande juu ya jukwaa la tangi la maji. Basi nimempa barua dereva wenu, aliyekuja kuchukua dawa za hospitali.

Daktari anasema upasuaji umekwenda vizuri, ila damu nimepoteza nyingi. Imesimama kwenye nane. Ikifika kumi na moja ndipo ataniandikia cheti cha kurudi kazini. Mwenye karakana amenishikia benchi langu mpaka katikati ya Aprili, si zaidi, maana kuna fundi mwingine anapita kila Ijumaa kuuliza kama nafasi iko wazi. Miaka kumi na moja navisha viti na makochi pale, na mikasi yote ya benchi lile imeshaizoea mikono yangu. Sitaki kuikuta mikononi mwa mtu mwingine.

Jambo la pili ni friji. Niliifungua kutafuta maziwa nikaifunga, nikadhani nimeingia nyumba ya watu. Mifuko yangu ya nailoni haipo. Sufuria la mchuzi lililokuwa likikaa humo na kijiko chake halipo. Kila kitu kiko ndani ya kopo, kila kopo lina karatasi ya gundi, kila karatasi ina tarehe. Friza nayo imejaa mpaka mlangoni. Najua jikoni kwangu hakukuwa kwa kupigiwa picha. Ungeniambia tu, wifi, ningepanga mwenyewe.

Narudia kushukuru.

Wifi yako,
fundi wa viti


Jumatano, 14 Februari

Mke wa kaka yangu,

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama, maana jikoni kwetu kukaa ni anasa. Nimekuona ulivyonuna kwenye ukurasa wa pili. Ukinuna mwandiko wako unanyooka kama mshono. Pole, na nuna kidogo ndiyo, ni haki yako, kabati la nguo na friji ni siri za mwenye nyumba.

Lakini sikusafisha kwa sababu palikuwa pachafu. Nilipanga kwa sababu ndivyo ninavyojua kupenda watu. Miaka ishirini na mbili napikia wagonjwa mia na zaidi kwa siku, na ningekuwa nafungua friji nikijiuliza leo tupike nini, wangekwisha wote kwa njaa. Kwa hiyo sikiliza.

Nyama mbichi na samaki viko chini kabisa, ndani ya beseni, ili maji yake yasidondokee kitu. Chakula kilichoiva kiko usawa wa macho, kwa sababu mtu aliyechoka hainami. Maziwa nimeyatoa mlangoni, pale pana joto kila mlango ukifunguliwa, nimeacha chupa za maji na limau tu. Matunda ya watoto yako rafu ya chini, wajichukulie bila kukuita. Kwenye friza, maharage yaliyochemshwa nimeyatia kwenye mifuko, nikailaza ikaganda bapa, sasa imesimama kama madaftari. Unatoa daftari moja, unaliweka kwenye bakuli asubuhi, jioni limeyeyuka. Vitunguu vimekwisha kukatwa na kukaangwa, vipo kwenye trei ya barafu, kila kidonge kinatosha sufuria moja. La zamani linakaa mbele, jipya nyuma. Na karatasi iliyobandikwa mlangoni ni orodha: ukitoa kitu kifute, Jumapili utajua kilichobaki bila kuzika kichwa kwenye barafu.

Mengine nilimweleza kaka yako nikipanda gari. Aliitikia vizuri.

Unakikumbuka kile kiti cha jikoni ulichonivisha mwaka ule niliposema mgongo unaniua? Ngozi haijachanika hata kidogo. Nimekiwekea gunia la vitunguu, ni urefu wake hasa.

Pole pole na kidonda. Makopo matupu mpe dereva, ni ya kwangu binafsi, usije ukayageuza ya kuwekea misumari.

Wifi yako,
mpishi


Alhamisi, 22 Februari

Wifi yangu,

Nimekwisha kununa. Na zaidi ya hapo nina aibu, kwa hiyo soma polepole nifaidi.

Mpango wako unafanya kazi. Zamani nilikuwa nikirudi kutoka karakana saa kumi na mbili naanza kuchagua maharage, tunakula saa tatu, mdogo amekwisha kulala na sare. Sasa asubuhi natoa daftari, jioni nafungua kidonge cha vitunguu, chakula kiko mezani kabla mtu hajaanza kuzunguka jikoni akiuliza bado. Binti mkubwa ndiye anayefuta orodha. Amekuwa mkali mno. Juzi alimkamata baba yake ametoa mfuko wa nyuma akaacha wa mbele, akamrudisha. Mara ya kwanza tangu tuoane jioni imekuwa na nafasi ndani yake, tunakaa, mtu anasoma, mtu ananisukia nywele. Hilo umenipa wewe, nami nilikuandikia kama mwenye duka anayedai kikombe chake. Nisamehe.

Kitu kimoja tu nimebadilisha. Mayai nimeyahamishia kushoto, maana mkono wangu wa mkasi ndio wa kushoto na nisingeacha kuyagonga.

Na nakushukuru kwa kumkumbuka kaka yako. Yale makopo madogo yenye mifuniko myekundu, yenye maini, minofu na mboga za majani zilizopikwa kwa mayai, nampa kila siku moja kama ulivyopanga. Sisi tunakula ya mifuniko ya buluu. Nilipoyaona niliguna kidogo, sikufichi, nikasema huyu kweli ni kitinda mimba wao, hata nikiwa mimi ndiye niliyetoka chumba cha upasuaji, kopo tamu ni lake. Kisha nikasema, ni dada yake, amemlea mgongoni, acha amdekeze. Anakula vizuri. Mkanda wake umesogea matundu mawili.

Makopo saba matupu yako kwenye kapu hili. Dereva anasema gari lina hitilafu, huenda akachelewa siku chache.

Mimi bado nachoka upesi. Kichwa kinanizunguka nikisimama ghafla. Vidonge vya damu nameza.

Wifi yako,
fundi wa viti


Jumanne, 27 Februari

Dada,

Shikamoo. Sijui kuandika barua ndefu, unanijua. Mke wangu ameanguka jana kwenye sinki, alikuwa akisugua sufuria. Hakuumia, alidakwa na binti. Nimempeleka kwa daktari wake. Damu haikupanda, imeshuka, iko saba na nukta tisa. Daktari amemuuliza anakula nini, amesema anakula vizuri. Daktari ameniangalia mimi, tumbo langu, halafu akamwangalia yeye. Nikaona aibu na sikujua ya nini.

Ana wiki saba tu kabla benchi halijachukuliwa. Jana nimemkuta amekaa kitandani ananoa mkasi ambao hauhitaji kunolewa.

Dada, kuna jambo. Siku ile unapanda gari uliniambia kitu kuhusu mifuniko. Mimi nilikuwa kwenye simu ya kazi na mama mmoja aliyekwama ndani ya lifti ghorofa ya tano, namwambia asibonyeze vitufe vyote. Wewe ukisema nasema ndiyo, yeye akisema nasema ndiyo. Ulisema nini?

Gari la dereva limepona leo, ataondoka na barua hii pamoja na kapu la mke wangu.

Mdogo wako


Jumamosi, 2 Machi

Wifi yangu,

Barua mbili zimefika siku moja, yako na ya yule mlaji. Nimesoma yako kwanza nikacheka mpaka wasaidizi wangu wakaacha kumenya. Nimesoma yake, nikatoka nje nikaenda kulia nyuma ya ghala la unga. Sasa nimerudi na ninaandika juu ya gunia, kwa hiyo usinilaumu kwa mwandiko.

Makopo mekundu ni yako.

Hapa jikoni mfuniko mwekundu ni wa mgonjwa. Kila mtu anajua, hata mfagiaji. Chakula chenye mfuniko mwekundu hakipunguzwi, hakionjwi, hakigawiwi, hata akija mkurugenzi na njaa yake. Nimeishi na sheria hiyo miaka mingi mpaka nimesahau kwamba huko nje mfuniko ni mfuniko tu. Niliandika MAINI, nikaandika tarehe, nikasahau kuandika jina. Mpishi mzima. Na yule ndugu yangu nikamwachia ujumbe mikononi, naye mikono imejaa lifti.

Nilihesabu makopo arobaini na mawili, moja kwa siku, wiki sita. Maini, minofu, mboga za kijani, kila kitu ambacho daktari wenu angekuandikia kama madaktari wangejua kupika. Nilipika siku nne. Nilikuwa nakupikia wewe.

Na sasa nikuambie kwa nini, maana umesema ningekuambia tu. Siku ya pili nyumbani kwako niliandaa meza. Nikawauliza watoto kila mtu anionyeshe sahani yake. Baba ana yake, wao wanazo zao, hata mgeni ana ya maua. Nikauliza, ya mama ni ipi? Wakatazamana. Mdogo akafikiri, halafu akasema, "Mama huwa anakula kwenye sufuria, akiwa anaosha."

Wifi, friji yako haikunionyesha uchafu wowote. Ilinionyesha nyumba ya watu watano inayopikiwa watu wanne. Ndiyo maana nilipanga kila kitu upya, nikatafuta mahali pa kukuweka wewe ndani yake. Nikapaweka kwenye friza, usawa wa macho, mbele kabisa, pana mfuniko mwekundu usiweze kupakosa. Nawe ukapaona, ukajiambia hii lazima ni ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipotoka nikaenda kulia.

Makosa ni yangu na ya mlaji. Wewe kosa lako ni moja na umelirudia miaka kumi na minne.

Makopo mangapi yamebaki? Nijibu kwa dereva huyu huyu, anakaa huko siku tatu. Na yule ndugu yangu mwambie kuanzia leo ni buluu.

Wifi yako,
mpishi asiyeandika majina


Jumapili, 10 Machi

Wifi,

Barua yako niliisomea jikoni, nimesimama. Nilipofika pale kwenye sahani nikavuta kiti.

Nilitaka kubisha. Nilianza hata kukuandikia kwamba si kweli, mimi hula, ila huwa na haraka. Nikamwita mdogo nikamuuliza mama anakulaga wapi. Akanionyesha sinki kwa kidole, bila kufikiri, kama ningemuuliza choo kiko wapi. Nikachana karatasi ile nikaanza hii.

Sikujua, wifi. Mtu hawezi kujua kitu anachokifanya kila siku. Mama yangu alikula hivyo, nami nikadhani ndivyo mama anavyokula.

Yamebaki kumi na tisa. Kaka yako aliposikia aliyatoa yote akayapanga mezani akayahesabu mara mbili, kisha akakaa mbele yake kama mtu aliyeharibu mali ya umma. Baadaye akaenda sokoni mwenyewe. Akarudi na maini kilo tatu na fungu la mboga linalotosha kulisha ng'ombe, akaosha, akakata, akauliza vitunguu viko wapi, nikamwambia viko kwenye trei, akasema, ala, kumbe. Amepika. Yamekuwa magumu kidogo, unaweza kushonea soli. Ameyatia kwenye makopo yale yale na mengine aliyonunua, akaandika kwa kalamu nene juu ya kila mfuniko, MKE WANGU, na tarehe. Sasa yapo arobaini na mawili tena. Nilimwambia siku zilizobaki hazifiki arobaini. Akasema basi yatabaki, kwani yanadaiwa na nani.

Binti ameongeza safu kwenye orodha ya mlangoni. Nisipokula hafuti, na asipofuta hanisemeshi.

Jana nimekula mezani. Nilikuwa sijui nikae upande gani. Nyumba yangu mwenyewe, meza niliyoinunua, sijui kiti changu. Watoto wakasogea, mmoja hivi, mmoja hivi, nafasi ikapatikana pale karibu na dirisha. Nikafungua mfuniko wangu. Wote walikuwa wakiningoja nitafune.

Ahsante kwa siku zile nne za kupika. Ya kwanza niliitoa kwa adabu, hii naitoa kwa moyo wote.

Wifi yako,
mwenye mfuniko mwekundu


Jumamosi, 6 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Kumi na moja na nukta tatu.

Nimeandika hivyo kwanza ili usirukie mwisho wa barua. Daktari amepima mara mbili, akasaini, akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nina wifi mpishi. Akasema kila mgonjwa wake angekuwa naye mmoja. Jumatatu naanza kazi. Mwenye karakana ameniwekea kochi la watu watatu, ngozi nzito, kazi ya kuvuta kwa mikono miwili, nadhani ananipima naye. Acha anipime.

Jumapili zetu sasa ziko hivi: kaka yako anachemsha maharage, watoto wanajaza mifuko na kuilaza, mimi nakata na kuandika tarehe, saa tatu kazi imekwisha na friza imejaa wiki nzima. Huyo mlaji anayasifia maini yake kwa majirani. Mkanda umerudi tundu moja.

Sasa nina neno nawe. Katika barua zako zote, wifi, umesoma umesimama, umeandika juu ya gunia, umesema kukaa ni anasa. Nilimuuliza kaka yako wewe hula saa ngapi. Akafikiri sana. Akasema tangu utotoni hajawahi kukuona ukila, amekuona ukipakua tu. Nilimuuliza na dereva wenu. Yeye kasema wewe unakula makombo ya sufuria kubwa, kwa mwiko, wagonjwa wote wakishamaliza, ukiwa unaelekeza watu waoshe wapi.

Kwa hiyo pokea mfuko huu. Nimeushona kwa sponji nene iliyobaki kwenye godoro la kochi, nje ngozi, ndani turubai, mdomo nimeukaza kwa zipu mbili. Dereva alikataa katakata kuweka chakula kwenye kasha la chanjo, na nikamheshimu kwa hilo. Sponji yangu inashika barafu kutwa nzima, nimeijaribu kwa saa kumi na tano na kaka yako akiipima kila saa kama lifti mbovu. Ndani kuna kopo moja. Nimepika mimi, kwa hiyo usiogope. Karatasi yake imeandikwa jina, tofauti na wapishi wengine ninaowajua.

Mfuniko unaujua rangi yake. Sheria zake unazijua kuliko mimi.

Nakushukuru kwa yote, wifi. Kwa sahani hasa.

Wifi yako,
fundi wa viti, benchi la dirishani


Jumamosi, 13 Aprili

Wifi yangu,

Mfuko umefika bado unauma vidole kwa baridi, dereva anasema umeutia barafu alfajiri ya leo. Wasaidizi wangu walizunguka wakitaka kujua ni mgonjwa gani aliyeletewa chakula kutoka nyumbani. Mmoja akasoma karatasi kwa sauti, akakuta jina langu, wote wakaniangalia.

Nilitaka kuligawa. Nakuambia ukweli, mkono ulikwisha kufika kwenye sahani za watu. Kuna bibi wodi ya tatu hajala tangu juzi, nikasema hili lingemfaa. Nikauona mfuniko. Sheria nimeiweka mimi mwenyewe, na wasaidizi wote tisa walikuwa wamesimama wakinitazama.

Basi nimekipasha chakula moto. Nimeshusha gunia la vitunguu chini. Nimepangusa kile kiti kwa kitambaa, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi ulivyoushona ukingo wake, mshono mara mbili, miaka yote hii sikuwahi kuutazama.

Nimekaa, wifi. Nimekula chote.

Kiti ni laini sana.

Wifi yako